Kutoka Oili ya Kawaida Hadi Sintetiki: Somo kwa Mwenye Gari Lililotembea Sana

Kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, na vilevile Mariakani na Kaloleni, kuna ubishi ambao husikika mara kwa mara katika gereji za jua kali. Mwenye gari amefika na mkebe wa oili ya sintetiki aliouziwa kwa bei ya juu. Fundi anautazama, anatikisa kichwa. "Mzee, gari hili limekula miaka. Ukiweka hii, wiki ijayo utarudi hapa injini inavuja." Mwenye gari anabaki njia panda. Amsikilize fundi anayelijua gari lake tangu alinunue, au muuzaji wa duka la vipuri aliyemwambia kuwa sintetiki huongeza maisha ya injini?

Wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Muuzaji ana haki kusema kuwa sintetiki hustahimili joto kuliko oili ya kawaida. Fundi naye amekwisha kuona magari yaliyoanza kuvuja baada ya mabadiliko hayo. Kinachokosekana ni maelezo ya kwa nini, na gari lipi.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi. Kiwango cha Kenya KS 1515 huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini. Likishaingia, gari hufanya kazi hapa miaka 10, 15 na zaidi. Linabeba abiria, maembe, saruji na wagonjwa. Familia inayotegemea Probox moja ikipoteza injini, imepoteza karo na chakula. Ndiyo maana uamuzi wa oili haufai kufanywa kwa uvumi.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:

1. Kutofautisha aina ya oili na uzito wake.
2. Kupima kama injini ya gari lake iko tayari kwa sintetiki.
3. Kufanya mabadiliko kwa hatua salama.
4. Kukokotoa kama sintetiki inamfaa kifedha.
5. Kujikinga na oili ghushi, na kutupa oili chafu bila kudhuru maji na udongo.

Sehemu ya 1: Aina si uzito

Makosa mengi huanzia hapa. Oili ina sifa mbili tofauti ambazo watu huzichanganya.

Sifa ya kwanza ni aina. Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Molekuli zake ni za ukubwa na maumbo mbalimbali, na hubaki na chembechembe zisizotakiwa. Oili ya sintetiki hutengenezwa au kubadilishwa kiwandani hadi molekuli zake zikaribie kufanana. Sintetiki nyingi zilizo madukani chanzo chake pia ni mafuta ghafi, lakini yamepitia kazi kubwa zaidi. Kwa kuwa molekuli zinafanana, oili hiyo haibadiliki ovyo joto linapopanda, haivukizi upesi, na huchelewa kuharibika na kugeuka tope jeusi. Kati ya hizi mbili ipo nusu sintetiki, ambayo ni mchanganyiko.

Sifa ya pili ni uzito, yaani jinsi oili inavyotiririka. Huu ndio huandikwa kwa tarakimu kama 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Tarakimu ya kwanza, iliyo kabla ya W, huonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika juu ya injini asubuhi. Tarakimu ya pili huonyesha uzito oili ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100 za selsiasi. Kadiri ilivyo kubwa, ndivyo oili inavyobaki nzito injini ikishapata moto.

Hapa ndipo ubishi wa gereji unapopata jibu. Ipo oili ya kawaida ya 10W-40, na ipo sintetiki ya 10W-40. Zikiwa moto, zote mbili zina uzito wa daraja moja. Kwa hiyo usemi kwamba "sintetiki ni nyepesi kama maji" si sahihi. Sintetiki nyingi zinazouzwa ni za uzito mdogo kwa sababu magari mapya yanautaka, lakini sintetiki za 10W-40, 15W-50 hata 20W-50 zipo pia.

Gari lililozoea 20W-50 likiwekwa ghafla 0W-20, tatizo litakalofuata halikuletwa na usintetiki. Limeletwa na kuruka kutoka oili nzito sana hadi nyepesi sana. Katika injini iliyolika, nafasi kati ya beringi na krenki imepanuka. Oili nyepesi hupita humo kwa urahisi, presha hushuka, na taa nyekundu ya oili huweza kuwaka injini ikiwa moto na gari limesimama. Taa hiyo haivumiliwi hata kidogo. Dereva azime injini papo hapo.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: mwenye gari akibadilisha aina, asibadilishe na uzito kwa siku hiyo hiyo bila sababu. Uzito unaofaa hutafutwa katika kitabu cha gari, au kwenye kifuniko cha kujazia oili ambako mara nyingi umeandikwa.

Sehemu ya 2: Hofu ya kuvuja ilitoka wapi

Hofu ya mafundi haikuzuka hivi hivi. Sintetiki kwa magari ya kawaida ilianza kuenea miaka ya 1970. Mobil 1, kwa mfano, iliingia soko la Marekani mwaka 1974. Baadhi ya oili za mwanzo hazikupatana vizuri na mpira wa sili za injini za wakati ule. Mpira ulisinyaa na oili ikapita. Sifa hiyo mbaya ilisambaa kutoka gereji hadi gereji, na imedumu hata baada ya watengenezaji kurekebisha mchanganyiko. Sintetiki za leo huwekwa viungo vinavyofanya sili zibaki laini na zijae mahali pake.

Hata hivyo, fundi anayesema ameona gari likivuja baada ya kubadilisha huenda hasemi uongo. Katika injini iliyotembea kilomita 200,000 na zaidi, sili huwa zimekauka na kupasuka. Mara nyingi nyufa hizo zimezibwa na masizi na tope la oili lililoganda kwa miaka. Sintetiki nzuri huwa na uwezo mkubwa wa kusafisha. Ikiondoa tope hilo, ufa uliokuwa umejificha hujitokeza. Oili haikutoboa kitu. Imefunua kilichokuwa kimetoboka.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mfuko. Mwenye gari anayeamini kuwa oili ndiyo imetoboa hurudi kwa oili ya zamani na kuacha sili iendelee kuharibika. Anayejua kuwa sili ilikuwa imekufa huibadilisha kabla haijamwacha njiani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini ukuta huo ni krenki na beringi mpya.

Sehemu ya 3: Vipimo vitatu kabla ya kununua

Vipimo hivi havihitaji mashine. Vinahitaji tochi, kipande cha kadibodi, daftari na subira ya wiki chache.

Kipimo cha kwanza ni cha kadibodi. Gari liegeshwe mahali tambarare jioni, kadibodi safi itandazwe chini ya injini na giaboksi, iangaliwe asubuhi. Tone moja au mawili ni onyo. Madoa yaliyosambaa ni kazi ya fundi. Mahali pa kukagua ni gasketi ya kifuniko cha valvu kwa juu, filta, nati ya sampu, na pale injini inapokutana na giaboksi. Mvujo wa kifuniko cha valvu au nati ya sampu kwa kawaida ni kazi ndogo. Ule ulio kati ya injini na giaboksi ni mkubwa zaidi, kwa sababu giaboksi hulazimika kushushwa.

Kipimo cha pili ni cha kijiti na daftari. Asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa tambarare, oili ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Kilomita za kwenye dashibodi ziandikwe. Baada ya kilomita 1,000, ipimwe tena kwa namna ile ile, na kiasi kitakachoongezwa kiandikwe. Katika magari mengi madogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Injini inayomeza lita nzima kwa kila kilomita 1,000, au inayotoa moshi wa buluu, inachoma oili. Ringi za pistoni au sili za valvu zimelika, na hakuna oili ya bei yoyote itakayozirudisha. Gari hilo linahitaji fundi wa injini kwanza.

Kipimo cha tatu ni cha tochi. Kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe injini ikiwa imezimwa, na ndani pamulikwe. Rangi ya kahawia iliyotanda kwa wembamba ni kawaida kwa gari la umri. Tope jeusi zito mithili ya lami ni dalili kuwa oili ilicheleweshwa mara nyingi huko nyuma. Na oili ikionekana kama chai ya maziwa, huku maji ya rejeta yakipungua, kuna uwezekano mkubwa kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanaingia kwenye oili. Gari kama hilo lisiendeshwe hadi litengenezwe.

Majibu ya vipimo hivi yanagawa magari katika makundi matatu:

Kundi la kwanza ni gari lisilovuja, linalomeza oili kidogo sana, na lililo safi ndani. Hili laweza kuhamia sintetiki ya uzito ule ule bila wasiwasi, hata kama lina kilomita 250,000. Umri pekee si kizuizi.

Kundi la pili ni gari lenye mvujo mdogo au tope la wastani. Litengenezwe mvujo kwanza. Baada ya hapo linaweza kuwekwa nusu sintetiki, au oili iliyotengenezwa mahususi kwa magari yaliyotembea sana, ambayo huwa na viungo vya kulainisha sili.

Kundi la tatu ni gari linalochoma oili, lenye tope kama lami, au lenye maji ndani ya oili. Hili libaki na oili ya kawaida ya uzito unaokubaliwa na kitabu, ibadilishwe kwa wakati, na pesa ambazo zingenunua sintetiki ziwekwe akiba ya matengenezo.

Sehemu ya 4: Hatua za kubadilisha

Kwanza, injini ipashwe moto kwa dakika chache ili oili iwe nyepesi na itoke na uchafu, kisha izimwe. Isiwe ya kuchoma. Gari liinuliwe kwa jeki na kushikiliwa na stendi imara. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Pili, oili ya zamani imwagwe yote katika beseni, na filta ibadilishwe. Kuweka sintetiki mpya na kuacha filta kuukuu ni sawa na kuoga kisha kuvaa nguo chafu.

Tatu, injini isioshwe kwa dizeli wala mafuta taa, ingawa desturi hiyo ipo katika gereji nyingi. Vimiminika hivyo haviwezi kulinda beringi, na hubandua tope kwa mpigo. Tope lililobanduka huenda kuziba kichujio cha pampu ya oili, na injini iliyoingia gereji ikiwa nzima hutoka ikigonga. Pia hakuna haja ya kuosha injini kwa sababu tu inahamia sintetiki. Oili za injini zilizothibitishwa kwa viwango vya API zinatakiwa kuchanganyika bila kudhuriana, kwa hiyo mabaki kidogo ya oili ya zamani si tatizo.

Nne, oili mpya ijazwe kwa kipimo cha kitabu. Injini ya Toyota ya 1NZ iliyo katika Probox nyingi za cc 1,500, kwa mfano, huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Kujaza mkebe wote wa lita 4 kwa kuwa umeshafunguliwa ni kosa. Oili ikizidi, krenki huikoroga hadi itoe povu, na povu halilindi chuma.

Tano, injini iwashwe, taa ya oili izimike, kisha ikaguliwe kama filta au nati inavuja. Baada ya dakika chache za kuzimwa, kijiti kisomwe tena.

Sita, badiliko la kwanza la sintetiki lisiachwe muda mrefu. Kwa gari la umri, oili na filta zibadilishwe baada ya kilomita 2,500 hadi 3,000, kwa kuwa huo ndio wakati uchafu wa zamani unaposafishwa. Kijiti kisomwe kila wiki na kadibodi irudiwe baada ya mwezi mmoja. Mvujo ukitokea, mahali panapotoka pajulikane na patengenezwe. Kurudi oili ya kawaida pia kunaruhusiwa wakati wowote. Hakuna ukweli katika dai kwamba gari likishaonja sintetiki haliwezi kurudi.

Kwa matatu na pikapu za dizeli, hatua ni zile zile, ila herufi za API ziangaliwe. Oili ya petroli huanza na S, kama vile SN au SP. Ya dizeli huanza na C, kama vile CH-4 au CI-4. Dizeli hutoa masizi mengi zaidi, na oili yake hutengenezwa kuyabeba. Injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo nayo ifuate maagizo ya fundi aliyeijenga kwa kilomita za mwanzo, kwani wengi hutaka oili ya kawaida mpaka ringi zikae sawa.

Sehemu ya 5: Hesabu kabla ya fahari

Bei hutofautiana kutoka duka hadi duka, kwa hiyo tarakimu zinazofuata ni za kufanyia mazoezi. Kila mwenye gari aweke za kwake.

Chukulia Probox ya kubeba abiria inayotembea kilomita 40,000 kwa mwaka. Mkebe wa lita 4 wa oili ya kawaida uwe shilingi 2,800, na wa sintetiki shilingi 5,600. Filta na ufundi viwe shilingi 800 kila mara.

Oili ya kawaida ikibadilishwa kila kilomita 5,000, mwaka utakuwa na mabadiliko 8. Kila moja ni shilingi 3,600, jumla 28,800.

Sintetiki ikibadilishwa kila kilomita 8,000, kutakuwa na mabadiliko 5 ya shilingi 6,400, jumla 32,000. Ikifikishwa kilomita 10,000, ni mabadiliko 4, jumla 25,600. Lakini fundi akiibadilisha kila kilomita 5,000 kwa mazoea, jumla hupanda hadi shilingi 51,200.

Somo la hesabu hii ni kwamba faida ya sintetiki mfukoni hutegemea muda inaokaa, na muda huo hutegemea kitabu cha gari na mazingira ya kazi. Vumbi la barabara za Ganze na Magarini, msongamano wa Mtwapa, mizigo mizito na safari fupi za kusimama kila hatua, yote hayo watengenezaji huyaita mazingira magumu, na huagiza oili ibadilishwe mapema. Injini iliyolika nayo hupitisha moshi na petroli hadi kwenye sampu, ukachafua oili ya aina yoyote. Kwa hiyo mwenye gari la umri asinyooshe safari hadi kilomita 10,000 kwa sababu tu mkebe umeandikwa hivyo. Faida anayoinunua zaidi ni ulinzi wakati wa joto kali na mizigo, na usafi wa ndani.

Sasa hesabu ya kundi la tatu. Probox hiyo hiyo ikimeza lita moja kwa kila kilomita 1,000, itahitaji kuongezewa lita 40 kwa mwaka. Kwa oili ya kawaida ya shilingi 700 kwa lita, ni shilingi 28,000. Kwa sintetiki ya shilingi 1,400 kwa lita, ni shilingi 56,000, zote zikitoka kwa bomba la moshi. Pesa hizo zingeanza kulipia ringi na sili za valvu.

Sehemu ya 6: Mkebe mzuri, oili mbaya

Oili ghushi huua injini kuliko ubishi wote wa aina na uzito. Baadhi yake ni oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi, kisha ikajazwa katika mikebe halisi iliyookotwa. Mnunuzi akague yafuatayo:

- Kifuniko kiwe na ukanda wa usalama ambao haujakatwa, na karatasi ya ndani ya mdomo iwe imeshika.
- Lebo iwe imenyooka, maandishi yasomeke, na namba ya utengenezaji isiwe imefutwa.
- Pawe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, au stika ya bidhaa zilizoingizwa. Namba ya kibali cha alama ya ubora huthibitishwa kwa kutuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya #, na namba hiyo kwenda 20023.
- Bei isiwe ya kushangaza. Sintetiki inayouzwa kwa bei ya oili ya kawaida inapaswa kuulizwa maswali.
- Risiti ichukuliwe. Bila risiti, malalamiko kwa KEBS au kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi hukosa mguu wa kusimamia.

Na mkebe ukiisha, utobolewe au ukatwe kabla ya kutupwa. Mkebe mzima uliotupwa jalalani ndio malighafi ya mlaghai.

Sehemu ya 7: Oili chafu inaenda wapi

Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kaunti jukumu la kuondoa taka na kusimamia majaa. Oili iliyotumika ni taka hatari. Ina metali zilizolika kutoka injini na kemikali za moshi. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linaeleza kuwa oili ya badiliko moja tu la gari inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, karibu lita milioni 3.8.

Kwa Kilifi hilo si jambo la mbali. Visima vya Baricho, vinavyolisha miji ya pwani, huvuta maji ardhini kando ya Mto Sabaki. Vijiji vingi hunywa maji ya visima vya kuchimba. Oili inayomwagwa nyuma ya gereji huzama mchangani, na mvua ya masika huisukuma hadi kwenye maji, mikoko na hori za samaki.

Desturi za kupaka oili chafu kwenye nguzo dhidi ya mchwa, kuimwaga barabarani kutuliza vumbi, au kuipaka mifugo vidonda ziachwe. Fundi anayeishika kila siku avae glavu na kunawa kwa sabuni, kwa sababu kuigusa mara kwa mara kwa miaka kunaweza kuleta maradhi ya ngozi, yakiwemo saratani.

Njia iliyo sahihi ni rahisi. Oili chafu imiminwe katika mtungi wenye kifuniko, isichanganywe na maji, petroli wala oili ya breki. Filta iachwe ichuruzike kabla ya kutupwa. Gereji ikusanye na kumkabidhi msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA. Asiyemjua msafirishaji aulize katika ofisi ya NEMA ya kaunti au kwa afisa wa mazingira. Mwenye gari naye ana haki ya kumuuliza fundi wake swali moja kabla ya kuondoka: "Fundi, hii ya zamani unaipeleka wapi?"

Maswali ya kujipima

1. Gari limekuwa likitumia 10W-40 ya kawaida. Je, kuweka sintetiki ya 10W-40 ni kulipunguzia uzito wa oili?
2. Siku 20 baada ya kuhamia sintetiki, doa la oili limeonekana chini ya kifuniko cha valvu. Kilichoharibika ni nini?
3. Gari linatoa moshi wa buluu na kumeza lita moja kwa kilomita 1,000. Sintetiki italiponya?
4. Mmiliki wa sintetiki njiani amepungukiwa oili na dukani kuna ya kawaida tu ya uzito ule ule. Afanyeje?

Majibu

1. La. Kilichobadilika ni aina, uzito umebaki daraja lile lile.
2. Yaelekea gasketi ilikuwa imezeeka na tope ndilo lililokuwa limeiziba. Ibadilishwe gasketi.
3. La. Ringi au sili za valvu zikaguliwe kwanza.
4. Aongeze hiyo ya kawaida kuliko kuendesha oili ikiwa chini ya alama. Injini haitadhurika, ila ubora wa sintetiki utapungua, na ni vyema badiliko linalofuata liwahishwe.

Fundi na muuzaji wanaweza kuendelea kubishana. Mwenye gari aliyetandaza kadibodi, akasoma kijiti na kuandika kilomita zake daftarini, ataingia gerejini akiwa na jibu la gari lake mwenyewe.